Chuo Kikuu Kilishafika Kipatimu

Ndugu msikilizaji wa Kilwa, uwe Kipatimu yenyewe, uwe Kibata, Chumo, Kandawale au Nandete, uwe Njia Nne unasubiri gari, uwe pwani kule Somanga au Kivinje, karibu tukae pamoja.

Jioni ya leo nina mazungumzo na mtu mmoja hasa, na ninyi wengine naomba mtusikilize. Ninazungumza na kijana, wa kike au wa kiume, aliyemaliza kidato cha sita mwaka huu. Matokeo yametoka, ameomba vyuo, na sasa anahesabu siku. Nakujua, mwanangu, kwa dalili zako. Unazunguka na simu mkononi ukitafuta mahali penye mtandao, ufungue akaunti yako uone kama jina limetoka. Umeshauliza bei ya begi la magurudumu. Umeshaambiwa na kila mtu mambo ya Dar es Salaam, Dodoma na Morogoro, hata na wale ambao hawajafika. Mama yako siku hizi akipita sokoni anasimamishwa kupewa hongera. Bibi yako ameshakuombea dua mara nyingi kuliko unavyojua. Na usiku, wengine wakilala, wewe uko macho, unajiona umekaa kwenye ukumbi mkubwa wa mihadhara, daftari jipya mbele yako.

Furaha hiyo ni haki yako. Umeitolea jasho, na waliokuzaa wameitolea jasho. Usiionee haya.

Ila najua pia kwamba furaha hiyo imechanganyika na hofu. Hofu ya nauli na chumba ni ndogo, hiyo watu wazima watakusaidia kuitatua. Iliyo kubwa ni ile unayoificha, unapojiuliza: mimi mtoto wa Kipatimu, nitasema nini mbele ya watu waliosoma shule za mjini? Nimetoka milimani Umatumbini, nimekulia kwenye mihogo na machungwa na ufuta, nina nini cha kupeleka chuo kikuu? Unajiona unakwenda mikono mitupu, kujazwa.

Hapo ndipo ninapotaka kukuzuia kidogo kabla hujafunga begi. Chuo kikuu, mwanangu, kilishafika Kipatimu zamani, kabla wewe hujazaliwa, na kilipofika hakikuja kufundisha. Kilikuja kusoma.

Turudi nyuma kidogo. Tarehe 25 Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, chuo kikuu cha kwanza cha nchi hii kilianza masomo Dar es Salaam, katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba. Kilikuwa na kitivo kimoja tu, cha sheria, na wanafunzi wasiozidi 14. Kilikuwa bado chini ya malezi ya Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1964 kikahamia kule juu, mahali ambapo leo kila Mtanzania anapaita Mlimani. Idara zikaongezeka, na mojawapo ikawa idara ya historia.

Idara hiyo ilikuwa na kazi ngumu. Nchi imepata uhuru, watoto wanataka kusoma habari za kwao, lakini vitabu vilivyokuwapo viliandikwa na wageni. Chukua Vita vya Majimaji. Habari zake kwa sehemu kubwa zilikuwa kwenye majalada ya Kijerumani: taarifa za maofisa, barua za wamisionari, kumbukumbu za wanajeshi. Yaani walioandika ni wale wale waliopiga. Mpigwaji alikuwa bado hajaulizwa vya kutosha.

Basi mwaka 1967 mwanahistoria kijana, Gilbert Gwassa, alikuja huku kwetu. Alipanda milima hii ya Matumbi, akafika Kipatimu, akakaa na wazee, akauliza, akaandika. Mwaka uliofuata, 1968, wanafunzi wa chuo walitawanywa katika wilaya za kusini kufanya kazi hiyo hiyo, chini ya mpango maalumu wa utafiti wa Majimaji. Vijana wa umri wako, wenye daftari na kalamu, wakipiga hodi kwa wazee na kuamkia shikamoo, wakikaribishwa mkekani. Mwaka huo huo Gwassa na mwenzake John Iliffe walitoa kitabu kidogo cha kumbukumbu hizo. Na mwaka 1973 Gwassa akakamilisha shahada yake ya uzamivu juu ya chanzo cha vita hivyo na mwendo wake.

Wazee hao, na miongoni mwao ni Mzee Ndundule Mangaya wa Kipatimu, walieleza nini? Walieleza pamba. Walisema kulima pamba kulikuwa kwa zamu, kila kijiji kikapangiwa siku zake, kila nyumba ikatakiwa kutoa mtu. Walieleza safari ya kuteremka kwenda kulima mashamba ya Samanga, msimamizi akiwa nyuma yao na kiboko, huku mashamba yao wenyewe yakimezwa na nyasi. Walieleza jinsi habari za maji ya dawa ya mganga Kinjikitile Ngwale zilivyotoka Ngarambe, na jinsi watu walivyokwenda kwa makundi kuyafuata. Walieleza Julai 1905, pale Nandete, mashina machache ya pamba yalipong'olewa ili mtawala ajue kwamba basi, imetosha. Nandete ile ile ambayo wewe una shangazi huko au rafiki wa shule.

Kinjikitile alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita vikiwa bado vichanga. Moto ulikuwa umeshawaka. Ulienea sehemu kubwa ya kusini na haukuzimika mpaka 1907. Gwassa alikadiria waliokufa kuwa kati ya watu 250,000 na 300,000, wengi wao kwa njaa, kwa sababu Wajerumani walichoma vyakula na mashamba. Tunapozungumza habari hizi hatuzungumzi hadithi ya mbali. Tunazungumza makaburi ya ukoo wako.

Sasa tazama, mwanangu, aliyekuwa mwalimu hapo ni nani na mwanafunzi ni nani. Wengi wa wazee wale hawakuwahi kukaa darasani. Aliyekuja na kalamu ndiye aliyekuwa mwanafunzi. Yeye alileta njia ya kuuliza, ya kulinganisha neno la mzee huyu na neno la mzee yule, ya kuyaweka maneno hayo kando ya jalada la Mjerumani na kuona wapi yanakubaliana na wapi yanapingana. Wao walileta maarifa yenyewe. Kimoja bila kingine kisingezaa kitabu. Na tangu siku hiyo hadi leo, mtu hawezi kuandika kwa makini juu ya Majimaji, awe Berlin au London au Marekani, bila kupita kwa wazee wa Matumbi. Mwaka 2010 wanahistoria kadhaa, wakiongozwa na James Giblin na Jamie Monson, walitoa kitabu kikubwa juu ya vita hivyo. Humo Gwassa anajadiliwa na hata anapingwa, maana wengine wanaona vita havikuwa na sura moja kila mahali. Hayo ndiyo maisha ya chuo: neno linasemwa, linapimwa, linajibiwa. Lakini msingi wa mjadala wote huo uliwekwa na watu waliokaa mkekani huku kwetu.

Na si historia peke yake. Kulikuwa na kijana wa pwani hii hii, mzaliwa wa Kilwa mwaka 1943, jina lake Ebrahim Hussein. Naye alikwenda chuo, Dar es Salaam, akasoma sanaa za maonyesho. Angeweza kuona kwamba mambo ya nyumbani hayana thamani mbele ya tamthilia za Wazungu alizofundishwa. Badala yake alichukua kisa cha Majimaji, akakiandikia mchezo kwa Kiswahili, akauita Kinjeketile. Mchezo huo ulitoka mwaka 1969, akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu, na tangu hapo vizazi na vizazi vya wanafunzi vimeusoma, Tanzania na Kenya. Huenda hata wewe umeupitia shuleni. Kwa hiyo mwaka mmoja baada ya wanafunzi wa historia kuja kuuliza kusini, mtoto wa pwani ya kusini alikuwa ameshawapa Waswahili wote mchezo juu ya jambo lililoanzia Matumbi.

Tena kuna lugha. Kimatumbi, ambacho labda shuleni uliwahi kukatazwa kukisema, kimeandikiwa kitabu kizima cha isimu. Mmarekani David Odden alitoa mwaka 1996 uchambuzi wa sauti za Kimatumbi na maumbo ya maneno yake, na wanaisimu wa nchi nyingi wanaitumia mifano hiyo kuelewa jinsi lugha za binadamu zinavyofanya kazi. Toni unayoipandisha na kuishusha bila kufikiri unapomwita bibi yako, kuna watu wanaifanyia mitihani ya vyuo vikuu vya ng'ambo.

Kwa hiyo ukifika chuo, ukaingia maktaba, usiingie kama mgeni anayeomba hifadhi. Pale Mlimani kuna maktaba iliyofunguliwa Novemba 2018, yenye nafasi ya watu 2,100 kwa wakati mmoja na uwezo wa kuhifadhi vitabu 800,000. Ukifika humo, kazi yako ya kwanza iwe hii: utafute habari za kwenu. Soma mambo ya Matumbi, soma Kilwa. Usome kwanza kilichoandikwa juu ya watu wako, ujue kipi ni kweli, kipi kimekosewa na kipi hakijaandikwa. Hapo utajua una nini cha kusema darasani.

Nasema hivi kwa sababu nimeona jinsi vijana wetu wanavyonyamaza. Mtu anatoka kusini akiwa na akili timamu na alama nzuri, akifika chuo anajikunja nyuma ya darasa. Kinachomfunga mdomo mara nyingi ni Kiingereza. Mhadhiri anaongea saa nzima, wenzako waliosoma shule za kulipia wanamjibu kwa haraka, na wewe neno unalo ila linakukwama kooni. Nikuambie kweli: miezi ya kwanza itakuwa migumu. Lakini kasi ya ulimi si kipimo cha akili. Yule anayeongea haraka ana faida ya miaka kadhaa ya mazoezi, basi. Mazoezi yanapatikana. Soma kurasa chache kila siku kwa utulivu, na kamusi kando. Jiunge na kikundi cha majadiliano, usisome peke yako. Andika swali lako kwenye karatasi kabla ya kipindi, ulisome kama unaogopa kulisema. Mfuate mhadhiri ofisini saa alizozitangaza kwa ajili ya wanafunzi. Saa hizo zimewekwa kwa ajili yako.

Na usiishi kwa desa. Utalisikia neno hilo siku ya kwanza: karatasi za notsi zinazotolewa kopi na kurithishana mwaka hadi mwaka. Desa litakusaidia kujua mtihani uliopita uliuliza nini. Halitakufundisha kufikiri, na anayelitegemea peke yake ndiye unayekuja kusikia amekamata supu, yaani karudia mitihani, na mwisho wa mwaka kadisko, jina limeondolewa chuoni. Aliyekuja kwa wazee mwaka 1967 hakuja na desa. Alikuja na maswali yake mwenyewe.

Sasa naomba nigeukie upande wa wazazi, maana kijana haendi chuo peke yake. Nizungumzie fedha.

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 2004, na bila bodi hiyo watoto wengi wa wakulima wasingefika chuo. Lakini mkopo hauji kwa kutakiwa tu. Maombi hufanywa kwenye mtandao, na vielelezo lazima viwe kamili: cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, na kama mzazi amefariki, cheti cha kifo nacho kihakikiwe, taarifa za mdhamini, fomu yenye sahihi na mhuri wa serikali ya kijiji au mtaa, na sahihi ya hakimu au wakili. Kwa mtu wa mjini hiyo ni kazi ya siku moja au mbili. Kwa mtu wa Kipatimu ni safari: bodaboda, gari mpaka Njia Nne, gari jingine mpaka Kilwa Masoko, foleni ya steshenari, halafu unaambiwa herufi moja ya jina la baba kwenye cheti haifanani na iliyo kwenye matokeo. Nauli inakwenda, siku zinakwenda, dirisha linafungwa.

Kwa hiyo wazazi wenye watoto walio kidato cha tano sasa hivi, msisubiri. Kitafuteni cheti cha kuzaliwa leo. Linganisheni majina leo. Na wenyeviti na watendaji wetu wa vijiji, wazee wangu, nawaomba kwa heshima: msimu wa maombi ya mikopo ukifunguliwa, mhuri uwe karibu na watu. Mtoto akizungushwa wiki nzima kwa kukosa mhuri, hasara hiyo ni ya kijiji kizima.

Tukumbuke pia kwamba mkopo haumfikii kila aliyeomba, wala haulingani. Kuna atakayepata ada yote, kuna atakayepata sehemu, kuna atakayeambiwa asubiri. Ndiyo maana mzazi lazima awe na akiba yake, hata ndogo. Na hapa mkulima wa Kilwa ana hesabu ya kufanya mapema. Ufuta wetu huuzwa mnadani kupitia vyama vya msingi, na minada hushika kasi Juni na Julai. Vyuo hufunguliwa Oktoba au Novemba. Katikati hapo kuna miezi mitatu au minne, na hiyo ndiyo miezi ambayo fedha hupotea. Kuna harusi, kuna ngoma za watoto, kuna bati la nyumba, kuna pikipiki ya mkopo. Mema yote hayo. Lakini mwenye mtoto anayekwenda chuo atenge fungu lake siku ile ile fedha inapoingia, kabla haijagawanyika. Nauli, godoro, ada ya usajili, chakula cha mwezi wa kwanza kabla mkopo haujatoka. Mwezi huo wa kwanza ndio unaowavunja wengi.

Nawe kijana, ukishapewa mkopo utakutana na kitu kinachoitwa bumu, fedha ya chakula na malazi. Tangu mwaka wa masomo 2022/23 kiwango chake kilipandishwa kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Bumu ni kama fedha ya ufuta: inaingia kwa mkupuo, unajiona tajiri, na inatakiwa ikufikishe mbali. Umeona nyumbani mwenu fedha ya ufuta inavyotunzwa au inavyopotezwa. Basi huna haja ya kufundishwa na mtu. Lipa chumba, weka chakula, kisha ndipo viatu. Na ukumbuke jina lake ni mkopo. Siku utakapoajiriwa, asilimia 15 ya mshahara wako itakatwa mpaka deni liishe. Fedha hiyo itamsomesha mdogo wako. Ilipe kwa moyo mweupe.

Kuna neno la safari pia. Babu zako waliokwenda Dar es Salaam walisubiri kivuko pale Ndundu, Mto Rufiji, na ukijaa walilala hapo. Tangu Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003 tumeizoea njia nyepesi. Lakini Mei 2024 tuliona mvua na kimbunga Hidaya vilivyokata barabara kuu pale Somanga, na kusini ikatengana na Dar es Salaam kwa siku kadhaa. Chuo kikisema usajili unafungwa tarehe fulani, usipange kufika tarehe hiyo. Ondoka mapema.

Neno jingine ni kwa baba mwenye binti. Mzee wangu, najua unavyohangaika. Umelea mtoto kwa heshima, leo anakwenda mji mkubwa, mbali na macho yako. Nakuomba usiigeuze hofu hiyo kuwa kizuizi. Binti aliyevuka kidato cha sita huku kwetu amevuka mengi: umbali wa shule, kazi za nyumbani, maneno ya watu waliouliza ataolewa lini. Aliyeshinda hayo ana uti wa mgongo. Mpe baraka zako kwa sauti, mbele ya ndugu, ili asikie. Mpigie simu umuulize amejifunza nini wiki hii, usimuulize tu yuko wapi. Akijua nyumbani anaaminiwa, ataulinda uaminifu huo kuliko utakavyoulinda wewe.

Na wewe uliyekosa nafasi ya chuo safari hii, usizime redio. Dirisha la pili la maombi huwa linafunguliwa, na la tatu mara nyingine. Kuna vyuo vya kati ambavyo mtu huanzia stashahada akafika shahada. Kuna Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa mwaka 1992 kwa ajili ya watu wanaosoma wakiwa kazini na majumbani mwao. Kuchelewa mwaka mmoja si kushindwa.

Ndugu msikilizaji, nimesema mengi ya fedha na safari kwa sababu ndiyo yanayokwamisha watu. Lakini sitaki nimalizie hapo, maana mtu anaweza kupata mkopo wote, akapata chumba, akafaulu, akavaa joho, na bado Kipatimu ikawa haikupata kitu.

Hebu tufanye hesabu pamoja. Gwassa alipokuja mwaka 1967, vita alivyouliza vilikuwa vimetokea miaka 62 nyuma. Waliomjibu walikuwa watoto au vijana mwaka 1905. Angechelewa miaka kumi na tano tu, huenda asingemkuta hata mmoja, na tungebaki na majalada ya Mjerumani peke yake. Leo sisi tuko mbali zaidi na Uhuru wa 1961 kuliko wazee wale walivyokuwa mbali na Majimaji. Aliyekuwa kijana wa miaka kumi na minane siku bendera inapandishwa sasa amevuka themanini. Aliyehamishwa na familia yake kwenda kijiji cha ujamaa miaka ya 1970, akaacha minazi na makaburi ya wazazi wake, leo naye ni mzee. Anakumbuka amri ilikujaje, nani alikubali, nani alikataa, nyumba ya kwanza ilijengwa wapi. Anakumbuka korosho ilivyokuwa na ilivyoanguka. Anakumbuka siku mikorosho ilipoachwa porini kwa sababu wenyewe wamehamishwa. Nani amemuuliza?

Wewe ndiye wa kumuuliza. Una wiki kadhaa hapa kabla ya safari, na una simu inayorekodi sauti. Mwanafunzi wa mwaka 1968 angefurahi kuwa na kifaa hicho. Nenda kwa babu, nenda kwa bibi, nenda kwa jirani mwenye kumbukumbu. Omba ruhusa kwa adabu, mweleze unataka nini na utakitunza vipi, kisha umwache aongee kwa lugha anayoipenda. Ukiandika, andika jina lake, mahali na tarehe. Hizo dakika chache za sauti zinaweza kuwa mzigo wa thamani kuliko vyote utakavyobeba.

Na usidhani haya ni ya mwanafunzi wa historia peke yake. Katika kozi nyingi mwaka wa mwisho utaambiwa uandike utafiti wako mwenyewe. Wengi hukopi mada za wengine. Wewe unayesoma kilimo, uliza kwa nini machungwa yetu yanaozea chini msimu ukijaa. Unayesoma uhandisi, piga hesabu ya barabara ya Njia Nne hadi Kipatimu. Unayesoma jiolojia, gesi ya Songosongo iliyogunduliwa mwaka 1974 iko jirani yako, na mapango ya Nang'oma yako mlangoni kwenu. Unayesoma uuguzi au udaktari, uliza mama mjamzito wa kijijini anasafiri vipi mpaka hospitali usiku wa mvua. Maswali hayo hayamo kwenye desa lolote. Yamo kwako, na hakuna mtoto wa shule ya kulipia anayeyajua kama unavyoyajua.

Mwaka 1967 ilibidi mtafiti atoke chuoni aje kupanda milima hii kutafuta maarifa. Safari hii maarifa yanatoka yenyewe, yana miguu yako. Kapokee chuoni njia za kuuliza na kuthibitisha, kwa unyenyekevu, maana huzijui bado. Na utakapomaliza, ripoti yako ya mwisho itolee nakala moja, uilete shuleni kwenu, kidato cha kwanza waisome, waone kwamba imeandikwa na mtu wa hapa juu ya hapa.

Mwanangu, anza leo jioni. Kuna mzee nyumbani kwenu ambaye hajalala bado. Mwamkie, kaa chini, umuulize swali la kwanza.